Kuteketeza uvimbe wa kongosho: Tarakimu za matumaini zisomwe pamoja na za madhara

Saratani ya kongosho hujificha. Wagonjwa wengi hugundulika ikiwa imekwisha kuizingira mishipa mikubwa ya damu au kusambaa hadi kwenye ini, wakati ambapo upasuaji wa kuiondoa hauwezekani tena. Kwa wale ambao uvimbe umenasa kwenye mishipa lakini haujasambaa, wataalamu katika nchi kadhaa wamejaribu kuuteketeza palepale ulipo, kwa joto au kwa umeme. Mwananchi anayesikia tiba hiyo ikisifiwa, pengine akiwa tayari anachangisha fedha za kumsafirisha mgonjwa, anastahili kufahamu usalama wake umepimwaje.

Ugumu wa kwanza ni mahali penyewe. Kichwa cha kongosho kimekumbatiwa na sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, mrija wa nyongo unapita ndani yake, na mishipa inayolisha utumbo na ini imepakana nacho. Joto halichagui cha kuunguza. Mwaka 2010 madaktari wa Verona, Italia, walitoa taarifa ya wagonjwa 50 waliounguzwa uvimbe kwa mawimbi ya redio. Kati ya 25 waliotibiwa kwa nyuzijoto 105, 10 walipata matatizo. Joto liliposhushwa hadi nyuzi 90, idadi ilikuwa 2 kati ya 25.

Njia ya umeme hutoboa kuta za seli kwa mapigo mafupi mno ya volti nyingi, yanayopitishwa kwenye sindano zilizouzunguka uvimbe. Mishipa ya damu huivumilia zaidi, lakini kuvumilia si kusalimika: damu huweza kuganda katika mshipa wa ini, utumbo kutoboka, nyongo kuvuja, kongosho lenyewe kuvimba. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi na misuli yake kulegezwa kabisa, na mapigo hayo hufuatishwa na mdundo wa moyo ili yasiuvuruge.

Tarakimu inayorudiwa zaidi ilitoka Marekani mwaka 2015: katika wagonjwa 200, nusu waliishi takriban miezi 25 au zaidi. Ni kweli, ila taarifa hiyohiyo inasema asilimia 37 walipata matatizo, wote walikuwa wameanza na tibakemia, na 50 kati yao walikatwa pia uvimbe wenyewe. Halikuwapo kundi la kulinganisha. Kwa maoni yetu, anayenukuu miezi hiyo pasipo masharti hayo anauza, haelimishi.

Uholanzi imekuwa wazi zaidi. Katika utafiti wa Amsterdam uliochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 29 kati ya 50 walipata matatizo, madogo au makubwa, na mmoja alifariki ndani ya siku 90. Kisha ukaja ulinganisho wa kura kati ya umeme na mionzi inayolengwa kwa usahihi, uliotangazwa mwaka 2024. Ulisimamishwa baada ya wagonjwa 68, kwa kuwa haikuonekana dalili kwamba umeme ungeishinda mionzi.

Familia inayopewa ushauri huu na iulize kwanza iwapo mgonjwa amekwisha kupata tibakemia ya miezi kadhaa na saratani haikusambaa. Iulize pia kituo husika kimekwisha kuwatibu wangapi, na wangapi kati yao walirudishwa wodini kwa kutokwa damu au maambukizi. Mwenye hitilafu ya mdundo wa moyo, au kifaa cha kuuratibu, aliseme hilo kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, kwa kuwa linaweza kumwondoa kabisa katika tiba ya umeme.