Si Kila Upanga Ni "wa Kiarabu"

Muulize mwanachuo yeyote bwenini upanga wa Kijapani ukoje. Atakujibu hata hujamaliza swali: katana, makali upande mmoja, umepinda kidogo, mpini mrefu wa kushika kwa mikono miwili. Kajifunza kwenye katuni. Sasa muulize panga zilizokuwa zikivaliwa hapa hapa Unguja zilikuwaje. "Za Kiarabu." Basi, kamaliza.

Jibu hilo linaniudhi, maana majina tulikuwa nayo. Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870 aliyakuta midomoni mwa watu. Upanga wa feleji: mrefu, umenyooka, makali pande mbili. Upanga wa imani: mfupi, na kwenye mpini pana kipande kilichokatiza kama msalaba. Kitara: ule uliopinda. (Hiyo "imani" mimi naona si ya moyoni, ni Yamani ya Waarabu iliyolainishwa na ulimi wetu. Wa Idara ya Kiswahili mnisahihishe.)

Twende Kidichi. Wengi wetu tumefika, kwa ziara ya viungo au kumsindikiza mgeni. Yale mahamamu Sayyid Said aliyajenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shahrzad, mjukuu wa Shah Fath Ali wa Uajemi. Bibi Salme, bintiye Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizotoka 1886 anamkumbuka kuwa alikuwa akipanda farasi na kuwinda. Wageni huonyeshwa nakshi za chokaa ukutani, wakaambiwa hii ni kazi ya Kiajemi, na ni kweli. Mbona kwenye ukuta tunajua kumtenga Mwajemi na Mwomani, ila kwenye chuma tunawachanganya? Upanga wa fakhari wa Kiajemi, shamshiri, ni mwembamba, umepinda sana, makali upande mmoja. Wa Kiomani uliovuma karne ile umenyooka, mpini wake hauna kikingio cha mkono, na bapa lake ni jembamba kiasi kwamba ukiutikisa unatetemeka. Ndio huo unaorushwa juu na kudakwa kwenye razha.

Sasa mtego uko hapa. Wakusanyaji wa Ulaya huuita huo ulionyooka "kattara", kwa neno la Oman. Kwetu kitara ni uliopinda! Mwanafunzi akinakili jina kutoka katalogi ya mnada akalitia Kiswahili kidogo, kashaugeuza upanga mzima.

Na usidanganywe na mpini. Bapa nyingi zilifuliwa Ulaya, khasa Solingen kule Ujerumani, zikaja kwa biashara, zikavishwa mipini huku. Mpini utakwambia nani aliuvaa, si nani aliufua. Kwa hiyo utoe kwenye ala kwanza. Tazama makali ni upande mmoja au pande mbili, mpindo unaanzia karibu na mpini au karibu na ncha, mifereji ya katikati ya bapa ni mingapi na inaishia wapi. Ncha ya mviringo si sawa na ncha ya kuchoma.

Wajapani kwenye hili wametupita mbali. Kila mstari wa bapa wana jina lake, na msuka, ile sehemu inayoingia ndani ya mpini, hawausafishi kutu hata siku moja, maana rangi ya kutu ndiyo inayosaidia kujua umri. Huku kwetu mtu akiokota upanga wa babu darini, cha mwanzo anatafuta msasa. Cha pili anatafuta mnunuzi. Mnunuzi anajua umbo, muuzaji hajui, na bei inapangwa na anayejua. Upanga ukishapanda ndege, hata lile jina lililokuwa likitajwa nyumbani linakwenda nao.

Wenzangu mnaotafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho, acheni kurudia mada za kaka zenu. Nendeni majumbani, Mji Mkongwe na mashamba. Ombeni ruhusa, pigeni picha upanga mzima nje ya ala, ubavuni na mgongoni, pimeni kwa futi ya fundi cherehani kama hamna nyingine. Na andikeni jina atakalolitaja mwenyewe kabla hamjamtajia la kwenu.