SHULE YA NYUMBANI: Jua likitua, tuko wapi?

Juma hili watoto wametuletea ulizo moja zuri: kwa nini jua linakuwa jekundu wakati wa kutua? Tunaweka jibu hapa, ili mama naye aweze kumjibu mtoto wake jioni, wakati sombe inachemka.

Mwangaza wa jua tunauona mweupe, lakini ndani yake mna rangi zote za upinde wa mvua. Ukiingia katika hewa, chembe ndogo sana za hewa zinaitawanya buluu kila upande kuliko nyekundu. Ndiyo maana mchana mbingu ni ya buluu. Magharibi jua liko chini, na mwangaza wake unapita katika hewa nyingi sana, karibu mara 38 kuliko linapokuwa juu ya kichwa. Buluu inapotea njiani. Kwetu inafika nyekundu na rangi ya chungwa. Mwingereza mmoja, Rayleigh, alieleza mambo haya mwaka 1871. Wakati wa kiangazi, moshi wa mashamba yanayochomwa unazidisha wekundu huo.

Mkitaka kuliona nyumbani, jazeni maji katika chupa nyeupe, tieni maziwa kidogo tu, kisha mulike tochi gizani kutoka upande wa chini wa chupa. Karibu na tochi maji yataonekana ya buluu kidogo. Upande wa mbali mwangaza utakuwa wa rangi ya chungwa. Hayo ndiyo magharibi ndani ya chupa.

Sasa tuangalie mahali petu. Sisi wa Mikelenge tuko upande wa magharibi wa Lualaba, pamoja na Kasuku. Kwa hiyo jua letu linachomoka ng'ambo ya maji, na jioni linatua nyuma ya nyumba zetu. Ndugu zetu wa Alunguli ndio wanaoona jua likitua juu ya mto, na maji yote yanageuka kama shaba. Maji hayohayo yanapita Ubundu, Kisangani, Mbandaka, Kinshasa na Matadi, mpaka yanaingia katika bahari karibu na Banana na Muanda. Pwani ya inchi yetu ni fupi, haifiki kilometa 40, lakini inatazama magharibi. Huko jua linashuka katika bahari yenyewe. Na kwa sababu dunia inazunguka, jua likishatua Kindu, watu wa Muanda wanaendelea kuliona karibu saa nzima.

Jambo lingine la ajabu: hewa inaupinda mwangaza. Unapoona jua limegusa ukingo wa bahari, kwa kweli limekwisha kushuka chini ya ukingo ule. Tunachoona ni sura yake tu.

Lakini wamama, uzuri huu una haraka. Kindu iko karibu na ikweta, kama digrii tatu tu kusini yake. Kwetu jua linashuka wima, halishuki mshazari. Likiisha kuzama, tuna dakika kama 20 tu za kuona njia vizuri. Kule Bruxelles, mwezi wa sita, watu wanapata zaidi ya dakika 40. Mama anayerudi kutoka shamba au soko la ng'ambo, akisema “bado kuna mwangaza, tungoje abiria wengine”, giza litamkuta katikati ya mto, ndani ya mtumbwi usio na taa, na mtoto mgongoni. Mto hauchagui nani anajua kuogelea.

Basi tujifunze saa ya mkono. Nyoosha mkono mbele, vidole vinne vimelala pamoja, kidole cha chini juu ya ukingo wa miti. Usilikodolee jua macho, maana linachoma macho. Lifiche kwa mkono. Kama jua liko juu tu ya kidole cha kwanza, imebaki kama nusu saa. Kama vidole viwili tu vinatosha, imebaki kama robo saa. Likiwa limefika vidole vinne, mtumbwi uwe umekwisha kuondoka. Wasafiri wakiwa wengi kupita nafasi, afazali kulala kwa ndugu Alunguli. Sombe ya kesho haitaharibika.

Kazi ya juma: kila jioni mtoto aandike saa ambayo jua linapotea nyuma ya miti, na rangi aliyoiona. Atapata kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo. Afanye hivyo mwezi mzima, kisha alete daftari kwenye mkutano wa chama. Tutalinganisha pamoja, na wale wanaovuka watajua saa yao ya kurudi.