Chai ya Boston na Mizani ya Pamba



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa sekondari alinifuata ofisini, daftari la historia mkononi. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha jinsi Wamarekani walivyojipatia uhuru. Akasema, "Shikamoo Karani. Nimekariri miaka yote, lakini sioni jambo moja. Chai iliyomwagwa baharini huko Boston inatuhusu nini sisi watu wa Ziwa?" Nikamwambia aketi. Jibu nililompa ndilo ninalowaletea leo, maana huenda hata nyumbani kwako yupo mtoto mwenye swali kama lile.

Kwanza tuisikie habari yenyewe. Mwaka 1607 Waingereza walianza kukaa Jamestown, katika nchi waliyoiita Virginia. Mwaka 1620 walifika wengine kwa merikebu iliyoitwa Mayflower, wakitafuta mahali pa kumwomba Mungu kwa namna yao. Mwaka 1634 ilianzishwa Maryland, na huko Wakatoliki wa Uingereza walioonewa kwao kwa ajili ya dini walipata kimbilio. Polepole makoloni yale yakawa 13. Lakini wenyeji wa nchi walisukumwa watoke katika ardhi yao, na tangu mwaka 1619 Waafrika walipelekwa Virginia kufanyishwa kazi. Jambo hili tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Mwaka 1763 Uingereza ilimaliza vita kubwa na Ufaransa. Ilishinda, lakini ilibaki na deni zito. Bunge la London likaona vema makoloni yasaidie kulipa. Mwaka 1765 likatoza kodi ya stempu juu ya karatasi za mikataba, magazeti na vitu vya namna hiyo. Watu wa makoloni wakakataa. Hawakusema kwamba kodi ni kitu kibaya. Walisema, "Katika Bunge hilo hatuna hata mjumbe mmoja. Nani ametusemea?" Kodi ya stempu ikafutwa, lakini zikaja nyingine, na ya chai ikabaki.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanadhani watu wa Boston waliimwaga chai kwa sababu ilikuwa ghali. Sivyo. Sheria ya mwaka 1773 iliifanya chai ile iuzwe kwa bei nafuu kuliko zamani. Lakini ndani ya bei ile nafuu ilikuwamo kodi ambayo wenyewe hawakuikubali. Kuinywa kulikuwa ni kukubali kwamba mtu wa mbali aweza kutia mkono mfukoni mwao bila kuwauliza. Basi usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 wakaingia katika merikebu tatu, wakatupa baharini makasha 342 ya chai. Vita ikaanza mwaka 1775. Tarehe 4 Julai 1776 wakatangaza uhuru wao, na mwaka 1783 Uingereza ikaukubali kwa mkataba uliotiwa sahihi Paris.

Sasa turudi nyumbani, kijana wangu, uone kama habari hii ni ngeni.

Wajerumani walijenga boma lao Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kabla karne haijakwisha walikwisha kutoza kodi ya nyumba. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji. Mwaka 1926 likawekwa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, lakini hakuwamo Mwafrika hata mmoja hadi mwaka 1945, walipoingia Mtemi Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Mangi Abdiel Shangali wa Machame. Yaani karibu miaka 20 mkulima wa Usukuma alitungiwa sheria na kulipa kodi, wala hakuna wa nyumbani kwake aliyeketi barazani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo katika Usukuma. Baraza la watemi wote lilikutana Malya, na amri zikatoka nyingi. Lima kwa matuta. Panda mihogo. Punguza ng'ombe. Lipa kodi ya mifugo. Asiyetii alipelekwa barazani, akatozwa faini au akafungwa. Nami nasema kwa haki: baadhi ya amri zile hazikuwa mbaya. Tuta huzuia udongo usichukuliwe na mvua, na mihogo huokoa watoto wakati wa njaa. Hata leo bwana shamba atakuambia vivyo hivyo. Lakini watu walizichukia, maana ziliwashukia kama mvua ya mawe. Hakuna aliyewaketisha chini akawauliza. Ni ile ile chai ya Boston: rahisi, pengine tamu, lakini hukuulizwa.

Kisha lilikuwapo jambo la pamba, nalo ndilo lililowachoma watu zaidi. Babu yangu alilima pamba upande wa Kwimba. Alinihadithia jinsi alivyobeba mzigo kichwani tangu alfajiri hata guloni, akapanga foleni, mzigo ukatundikwa katika mizani, mtu akaandika kitu katika kitabu, naye akapewa fedha. Mwaka ule mzigo ulikuwa mkubwa kuliko wa mwaka uliotangulia, lakini fedha zikawa chache. Aliambiwa asogee, wengine wanangoja. Babu aliniambia, "Mjukuu wangu, mimi nilijua kubeba. Kusoma mizani sikujua."

Malalamiko ya namna hiyo yalisikika kila upande wa Jimbo la Ziwa. Mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, kitabu, na kiwanda cha kuchambua pamba. Mkulima alikuwa na jasho lake tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakapata shauri. Wakachagua vijana wao waliojua kusoma na kuhesabu, wakawasimamisha guloni wapime na kuhakikisha uzito wa kila mzigo. Hawakupiga mtu, hawakuchoma nyumba. Walisimama tu penye mizani wakasoma namba kwa sauti. Niamini mimi, kazi ile ndogo iliwafungua watu macho.

Mmoja wa waliozunguka vijijini kuwaunganisha wakulima alikuwa Paul Bomani, kijana aliyezaliwa mwaka 1925, ambaye alikuwa amefanya kazi ya ukarani katika chama cha ushirika cha wafanyabiashara wa Kiafrika hapa Mwanza. Vyama vidogo vikaota kama uyoga, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo baadaye lilikuwa na viwanda vyake lenyewe. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini mtu akiisha kuuliza juu ya mizani, hatakawia kuuliza juu ya mengine. Nani alitunga amri ya ng'ombe? Nani alimchagua? TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na watu wa Ziwa walikuwamo miongoni mwa waanzilishi. Kabla mwaka haujakwisha, Serikali ikakataza chama hicho kisifanye kazi katika Usukuma, na katazo hilo likadumu hadi 1958. Mwaka huo huo wa 1958 watu wa Geita walikataa baraza jipya la wilaya, la Waafrika, Wazungu na Waasia pamoja, kwa kuwa waliona wamewekewa bila kuulizwa. Umati wa watu ukaja Mwanza kutaka kusikilizwa. Polisi wakawatawanya kwa moshi wa machozi. Lakini mwishowe Serikali iliuacha mpango ule, na amri nyingi za kilimo zikafa pamoja nao. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru, bila vita.

Tazama sasa njia za Mungu. Bomani yule wa mizani ya pamba akawa waziri, na tangu mwaka 1972 hadi 1983 alikuwa balozi wetu Marekani. Kwa hiyo mwaka 1976, Wamarekani waliposherehekea miaka 200 ya uhuru wao, mtu aliyetumwa na Tanzania kwao alikuwa ni yule aliyewakusanya wakulima wa Usukuma. Sidhani kama alihitaji kufundishwa habari ya chai.

Kijana wangu alifurahi, akataka kufunga daftari. Nikamwambia, "Ngoja kwanza. Hujasikia sehemu iliyo ngumu."

Wamarekani waliandika mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa. Wengi wa waliotia sahihi walikuwa na watumwa nyumbani. Mkatoliki mmoja tu alitia sahihi, Charles Carroll wa Maryland, ambaye kabla ya hapo sheria za koloni zilimzuia kushika madaraka kwa ajili ya imani yake. Alijua uchungu wa kunyimwa haki, lakini naye alikuwa na watumwa. Utumwa haukufutwa katika nchi nzima hadi mwaka 1865. Wale waliosema "hatukuulizwa" walikuwa na watu mashambani mwao ambao hawakuulizwa kitu hata siku moja.

Na sisi tusijione bora. Mwaka 1966 tume iliyowekwa na Rais ilivichunguza vyama vya ushirika vya nchi nzima. Ilikuta udanganyifu wa fedha na upendeleo wa ndugu. Ilikuta pia kwamba wanachama wengi hawakuelewa mambo ya chama chao wenyewe. Shirikisho la Victoria, fahari ya wakulima wa Ziwa, likaingiliwa na Serikali na kupangwa upya mwaka 1968. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa kabisa, na ilipita miaka kadhaa kabla ya kurudishwa. Mizani ilikuwa imehama mkono tu. Aliyeishika sasa alikuwa ndugu yetu, basi tukaona aibu kumwuliza. Tukaacha kusoma namba.

Hilo ndilo jambo ninalotaka ulibebe, msomaji. Uhuru wa Boston na uhuru wa Usukuma ulianza mahali pamoja: mtu wa kawaida alipodai kuona kile kinachokatwa katika jasho lake, na kujua ni nani aliyekata. Bendera ilikuja baadaye. Tena bendera haisomi mizani kwa niaba ya mtu.

Leo pamba inauzwa kwa njia ya vyama vya msingi, vile ambavyo watu huviita AMCOS. Siku ya mkutano wa chama ikifika, baba nenda, na mama nenda. Msiwaachie wachache. Omba kitabu cha hesabu kisomwe mbele ya wote, uliza kwa adabu, na jibu likiwa halieleweki, uliza tena. Kama hujui kusoma, mchukue mwanao anayejua, asimame kando yako kama wale vijana wa guloni. Nawe kiongozi, ukiulizwa usikasirike. Anayekuuliza anakulinda na kishawishi.

Kijana yule aliandika ukurasa mzima, kisha akaniuliza swali la mwisho: "Je, babu alipata kujua kusoma mizani?" Naam, alijua. Alijifunza namba akiwa mtu mzima, katika kisomo cha watu wazima. Na hata uzeeni, alipotumwa dukani kununua sukari, alisogea kwanza mbele ya mizani, akavaa miwani yake, akatazama.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea juu ya vitabu vya ubatizo na namna ya kuvitunza vyeti vyenu. Kaeni kwa amani.