Geti Yenu Haioni Mtoto

Wasee wa ghorofa zenye geti ya rimoti, tuongee. Kila mwezi mnatoa pesa ya soja na usafi, ukuta unapakwa rangi, lakini geti ilikaguliwa lini? Yale macho mawili kando yake yanafaa kuisimamisha mtu akipita. Yakishika vumbi au utando wa buibui, geti inagoma kufunga. Fundi anakuja, anaunganisha waya kuyaruka, na sisi hao tunashukuru ati imepona. Imepona wapi?

Jaribu leo. Geti ikifunga, simama mbali upitishe ufagio mbele ya macho. Isiposimama, zimeni mota, msukume kwa mikono hadi landlodi alete fundi wa ukweli. Na ufunguo wa kuifungulia stima ikipotea, soja anajua uko wapi?