Dalali mlangoni: Kwa nini deni dogo la kodi ya halmashauri Uingereza hukua haraka, na ufanye nini akigonga

Saa moja asubuhi. Umetoka zamu ya usiku, hata viatu hujavua. Mlango unagongwa. Mwanamume mwenye kitambulisho shingoni anataja jina lako kamili na kukwambia una deni la halmashauri. Unatakiwa kulipa leo, la sivyo atachukua mali.

Kwa Waswahili wengi walioko London, Leicester, Birmingham au Manchester, hii si hadithi ya mbali. Kama haijakukuta wewe, imemkuta jirani au mtu wa kanisani, msikitini au kazini. Wengi hufanya kosa moja kati ya mawili: wanamfungulia kwa hofu na kusaini chochote, au wanazima taa na kujifanya hawapo kwa miezi. Yote mawili hugharimu.

Hapa tunaeleza deni hili linavyozaliwa, kwa nini linakua upesi namna hiyo, na sheria inampa dalali nguvu kiasi gani. Tunaizungumzia England na Wales. Scotland ina utaratibu wake, na Ireland Kaskazini haina kabisa kodi hii ya council tax.

Kodi ya nani hasa?

Mkanganyiko wa kwanza unaanzia hapa. Tanzania, tangu 2021, kodi ya majengo hukatwa kidogo kidogo mtu anaponunua umeme wa LUKU. Kenya, ada ya ardhi ya kaunti ni kazi ya mwenye kiwanja. Kwa hiyo mtu akifika Uingereza na kupanga nyumba, anaona ni kawaida kudhani kodi ya nyumba ni shida ya mwenye nyumba.

Sivyo. Council tax kwa kawaida hulipwa na anayeishi ndani, awe mpangaji au mmiliki. Kama mke na mume wanaishi pamoja, wote wawili wanadaiwa deni zima, hata kama bili ina jina la mmoja. Kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba anapangisha chumba kimoja kimoja kwa watu wasiohusiana, mara nyingi mwenye nyumba ndiye anayedaiwa. Usikisie. Uliza kabla hujasaini mkataba.

Kodi hii ilianza 1993, baada ya ile kodi ya kichwa ya serikali ya Margaret Thatcher kuleta maandamano na ghasia. Nyumba ziligawanywa katika madaraja, kuanzia A hadi H. Ajabu ni kwamba England bado inatumia thamani ya nyumba ya Aprili 1991. Daraja A ni nyumba iliyokuwa na thamani isiyozidi pauni 40,000 wakati huo, na H ni iliyozidi pauni 320,000. Wa daraja la H hulipa mara tatu tu ya wa daraja A, ingawa nyumba yake ina thamani ya zaidi ya mara nane. Ndiyo maana wakosoaji wanasema kodi hii inamwelemea zaidi mwenye kipato kidogo.

Kwa nini bili inapanda?

Kwa sababu halmashauri zenyewe hazina hela. Ruzuku ya serikali kuu ilipunguzwa sana kuanzia 2010, huku gharama za kutunza wazee, walemavu na watoto zikipanda. Kisheria halmashauri haziruhusiwi kupanga matumizi yanayozidi mapato. Nyingi hupandisha kodi karibu hadi kikomo cha asilimia 4.99 kila mwaka, kwa kuwa kuvuka hapo kunahitaji kura ya maoni au ruhusa maalumu.

Zipo zilizoruhusiwa kuvuka. Croydon ilipandisha kwa asilimia 15 mwaka 2023. Birmingham, iliyotangaza Septemba 2023 kwamba haiwezi kumudu matumizi yake, ilipandisha karibu asilimia 10 mwaka uliofuata. Kwa England nzima, wastani wa bili ya daraja D kwa mwaka 2025/26 umefika pauni 2,280.

Matokeo yake yanaonekana kwenye vitabu. Kufikia mwisho wa Machi 2024, malimbikizo ya kodi hii England yalikuwa takriban pauni bilioni 6. Halmashauri inapodai kiasi hicho, nayo ina shimo la bajeti, dalali anakuwa njia rahisi: halmashauri haimlipi. Anayemlipa ni wewe.

Deni linavyokua, hatua kwa hatua

Tuseme bili yako ni pauni 1,800 kwa mwaka, unalipa pauni 180 kwa miezi kumi. Aprili umelipa. Mei zamu zimepungua kazini, umeruka.

Halmashauri inatuma barua ya kukumbusha na kukupa siku 7. Ukikaa kimya, zikipita siku 7 nyingine unapoteza haki ya kulipa kwa awamu. Sasa unadaiwa pauni zote 1,620 za mwaka kwa mpigo. Yaani mtu aliyeshindwa kupata 180 anatakiwa apate 1,620. Hapo ndipo wengi huzama.

Kinachofuata ni samansi ya mahakama ya mahakimu, pamoja na gharama zake, ambazo hutofautiana kutoka halmashauri moja hadi nyingine. Usitegemee kesi ndefu. Kesi za watu wengi hupitishwa siku moja, na swali kubwa ni kama ulitozwa kihalali na kama umelipa. "Sina hela" si utetezi mbele ya hakimu huyo. Mahakama inatoa amri ya kuthibitisha deni, inayoitwa liability order.

Kwa amri hiyo halmashauri inaweza kukata mshahara wako au baadhi ya posho za serikali, au kukabidhi deni kwa kampuni ya madalali. Siku hizi barua huwaita enforcement agents, lakini mtaani bado ni bailiffs.

Ada zao ziliwekwa na kanuni zilizoanza Aprili 2014: pauni 75 faili likifika kwao, pauni 235 wakija mlangoni, na pauni 110 wakifikia hatua ya kuondoa na kuuza mali. Deni likizidi pauni 1,500, kwenye hatua hizo mbili za mwisho huongezwa asilimia 7.5 ya kiasi kilichozidi.

Piga hesabu. Kwenye deni letu la 1,620, faili likifika na dalali akija mlangoni mara moja, nyongeza ni pauni 319, bado gharama za mahakama. Na yote yalianza na pauni 180. Kwa hiyo barua ya kwanza ya madalali usiitupe. Ukipatana nao katika hatua ya barua, unaokoa ile ada ya 235.

Dalali anaruhusiwa nini, haruhusiwi nini?

Hapa hofu huwa kubwa kuliko sheria yenyewe.

Lazima akutumie notisi na kukupa angalau siku 7 kamili kabla ya kuja. Anaruhusiwa kuja kati ya saa 12 asubuhi na saa 3 usiku. Lazima aonyeshe kitambulisho, na unaweza kuhakiki jina lake kwenye orodha ya serikali ya madalali wenye cheti, iliyopo mtandaoni.

Kwa deni la council tax, hawezi kuvunja mlango katika ziara ya kwanza. Hawezi kupita dirishani, kukusukuma, wala kuweka mguu mlangoni ili usifunge. Lakini mlango ukiwa wazi au haujafungwa kwa ufunguo, anaweza kuingia kwa amani. Basi funga milango, na uongee naye kupitia dirishani, kwenye tundu la barua au kwa simu. Kutomfungulia si kosa la jinai.

Akikuta watoto wa chini ya miaka 16 peke yao, haruhusiwi kuingia. Waambie wanao wazi: asiyejulikana asifunguliwe, hata akisema anatoka serikalini.

Akiingia, anaweza kuorodhesha vitu na kukupa karatasi ya kusaini, controlled goods agreement. Soma kabla ya kushika kalamu. Ukisaini, vitu vinabaki kwako ukilipa kwa awamu, lakini ukikiuka makubaliano anaweza kurudi na kuingia kwa nguvu baada ya kukupa notisi. Hapo hadithi ya "hawezi kuvunja mlango" inakuwa imekwisha.

Hawezi kuchukua vitu vya lazima: vitanda, jiko, friji, mashine ya kufulia, meza na viti vya kulia vya kutosha familia, wala simu. Hawezi kuchukua vitu vya mtoto au vya mtu mwingine, ingawa huenda ukatakiwa kuonyesha risiti. Vifaa vya kazi vinalindwa hadi thamani ya jumla ya pauni 1,350.

Gari ndilo hasa analolitafuta. Likiwa nje ya nyumba au barabarani, anaweza kulifunga tairi bila hata kugonga mlango wako. Kama ni gari la bei ndogo unalolitegemea kwenda kuhudumia wagonjwa nyumba kwa nyumba, linaweza kuingia kwenye kinga hiyo ya vifaa vya kazi. Sema hivyo mapema, kwa maandishi, na uambatanishe uthibitisho wa mwajiri.

Kwa walio kwenye viza: dalali si ofisa wa uhamiaji. Hana mamlaka ya kukagua hati zako za kuishi nchini. Akikutishia hivyo, andika saa, tarehe na maneno yake.

Na jela? Kwa England bado ipo kwenye sheria, hadi miezi mitatu, lakini ni lazima hakimu aridhike kwamba uligoma kulipa kwa makusudi au kwa uzembe mkubwa. Kushindwa kwa sababu huna hakutoshi. Wales ilifuta kifungo hicho Aprili 2019.

Ufanye nini sasa?

Kwanza, hakikisha deni ni lako. Kama ni la mpangaji aliyekutangulia, tuma nakala ya mkataba wako kwa kampuni na kwa halmashauri.

Pili, angalia punguzo. Mtu mzima anayeishi peke yake hupata asilimia 25. Nyumba ya wanafunzi watupu wa masomo ya kutwa hailipi. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba Council Tax Reduction, lakini hapa kuna mtego: kama viza yako inasema huruhusiwi kutumia fedha za umma, msaada huo umo kwenye orodha ya vilivyokatazwa. Lile punguzo la asilimia 25 halimo. Wengi wameliacha kwa kuogopa viza, kumbe ni haki yao.

Tatu, tafuta mshauri wa bure: Citizens Advice, StepChange au National Debtline. Mshauri anaweza kukuingiza kwenye mpango wa Breathing Space, ulioanza Mei 2021. Ukikubaliwa, kwa siku hadi 60 madalali wanasimama kwa madeni yanayohusika, na riba na ada haziongezwi.

Nne, kama unaumwa, una mimba, una mtoto mchanga au Kiingereza kinakusumbua, waambie. Kanuni zinawataka wawape watu walio katika hali ngumu nafasi ya kutafuta ushauri. Wakikutendea vibaya, lalamika kwa kampuni na kwa halmashauri. Ukiona hujasikilizwa na kampuni imejiunga na Enforcement Conduct Board, peleka huko. Chombo hicho kilianzishwa 2022 kusimamia mwenendo wa sekta hii.

Tano, ahidi unachoweza. Pauni 40 kwa mwezi zinazofika ni bora kuliko 150 zinazokatika mwezi wa pili.

Je, kuna mabadiliko?

Yapo mazungumzo. Juni 2025 serikali ilifungua mashauriano ya umma kuhusu namna kodi hii inavyokusanywa, pamoja na wazo la kulipa kwa miezi 12 kama utaratibu wa kawaida badala ya 10, na kupunguza kasi ya awamu moja kugeuka bili ya mwaka mzima.

Kuna aliyetangulia. Halmashauri ya Hammersmith na Fulham, magharibi mwa London, iliacha kutumia madalali kwa kodi hii mwaka 2018. Haikuacha kukusanya. Iliamua kuanza kwa kuzungumza na anayedaiwa na kumpangia anachoweza.

Ukweli una pande mbili. Kodi hii ndiyo inayozoa taka, kuwasha taa za barabarani na kumlipa anayemwogesha mzee asiyejiweza, na wengi wetu ndio tunaofanya kazi hiyo. Anayeweza kulipa alipe. Lakini mfumo unaomtoza pauni 319 za ziada mtu aliyeshindwa kupata 180 haumsaidii alipe. Unamzamisha, na mwaka ujao halmashauri itakuwa inamdai tena yule yule.

Kabla sheria haijabadilika, chako ni kimoja: fungua barua siku inayofika. Ukipiga simu wiki ile ya barua ya kwanza, bado unazungumzia pauni 180. Ukisubiri mlango ugongwe, mazungumzo yatakuwa ya karibu 2,000.