Acheni Kukopa Bomba la Moshi

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nina ugomvi nanyi, na mimi mwenyewe nimo.

Riwaya yangu ya kwanza niliianza nikiwa kidato cha tatu. Ilifunguka kwenye nyumba ya shamba ya Kiingereza: matofali mekundu, bomba la moshi, sebule yenye mahali pa kuotea moto. Nimekaa Ngara naandika hayo! Nyumba yenyewe sijawahi kuiona, niliiokota vitabuni. Na ninyi je? Katika hadithi zenu tajiri akitokea tu, lazima kwake pafuke moshi darini.

Haya, tuitazame hiyo nyumba tunayoiabudu. Mkulima wa Uingereza wa karne ya 18 mara nyingi alipata udongo palepale shambani au jirani, akafyatua matofali, akayachoma. Katika ujengaji wanaouita wa Kiingereza, fundi hupanga mstari mmoja wa matofali yaliyolala kwa urefu, unaofuata yakitoa vichwa nje, ili ukuta ushikane. Serikali yao ikayatoza kodi matofali hayo tangu 1784 hadi 1850. Basi. Uchawi hakuna. Ni udongo, moto na jasho la mtu.

Sasa njoo Ngara au Biharamulo wakati wa kiangazi. Mtu anachimba udongo, anaukanyaga, anafyatua, anaanika na kufunika kwa majani. Kisha anapanga tanuru, anaacha midomo ya kuni, anakandika tope nje, anakesha akichochea moto. Si kazi ileile? Tofauti ni kwamba yule wa kule amepata mwandishi.

Utaniambia, "Mbona tunalo boma la Wajerumani pale Biharamulo?" Sawa, limesimama tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na litunzwe. Lakini kama nyumba ya kihistoria ni ya mtawala tu, hizi za kwetu ataziandika nani?

Wala sisemi tuzisifu kama washairi wa kampeni. Tanuru linakula miti. Na Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipopiga mkoani kwetu Kagera, nyumba nyingi za matofali ziliporomoka Bukoba na vijiji vyake, watu wakafa. Hiyo nayo ni riwaya, tena nzito kuliko mapenzi ya kando ya moto wa Kizungu.

Mama yangu alibeba maji ya kufyatulia matofali ya nyumba ninayolala. Riwaya yangu haikumpa hata mstari mmoja. Naona aibu.

Kwa hiyo, kabla hujaandika bomba la moshi, kamuulize fundi wa mtaani kwako: timazi ni nini, kenchi ni nini, lenta inakaa wapi. Kama nyumba uliyolala jana huwezi kuitaja, usituuzie ya mwenzio. Anayebisha aandike.