Turbo si jini: badilisha plagi zako mwenyewe

Wacha niseme jambo ambalo najua litawaudhi mafundi wengi kutoka Magongo mpaka Bamburi, na litawaudhi zaidi nyinyi mnaojiita wapenzi wa magari. Kama unaendesha gari ya turbo na hujawahi kuziona plagi zake kwa macho yako, hiyo gari huijui. Unailipia tu.

Na jibu mtakalonipa nalijua: "Hiyo ni turbo bro, usiiguse." Kila mara ni hilo. Corolla ya mzee unaruhusiwa kufungua boneti. Lakini Forester XT, Golf TSI, Juke ya turbo, aah, hizo ati zina wenyewe. Turbo imegeuzwa jini. Haionekani, haiguswi, na kuna mganga mmoja tu mtaani anayejua kuongea nayo, na huyo mganga hulipwa kwanza.

Mimi nasema kinyume. Turbo ndiyo sababu ya kuifanya hii kazi mwenyewe, manake kwenye turbo plagi isiyofaa haikupi nafasi ya pili.

Tuelewane kidogo. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha panka, na hiyo panka inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa nyingi, petroli nyingi, nguvu nyingi. Sasa, cheche ya plagi inabidi iruke katikati ya hiyo hewa iliyobanwa, na hewa ikibanwa cheche inapata taabu kuvuka. Ndiyo maana gari nyingi za turbo zinataka ile nafasi kwenye ncha ya plagi, mafundi huiita gepu, iwe ndogo, kama milimita 0.7 au 0.8. Gari nyingi za kawaida zinakubali mpaka 1.1. Ukifungiwa plagi ya gepu pana, mtaani gari itatembea vizuri tu. Utaenda Nyali, utarudi, utamsifu fundi. Siku utakapoikanyaga kupanda Mazeras, turbo ikijaa, ndipo inaanza kumisi. Na ikimisi, petroli ambayo haikuungua inaenda kuungulia kwenye egzosi.

Halafu kuna joto. Plagi zina namba ya joto, na hiyo namba iko kwenye boksi watu wanalolitupa. NGK ya 7 ni baridi kuliko ya 6. Denso ya 22 ni baridi kuliko ya 20. Bosch ni kinyume, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Ukiweka plagi ya moto kupita kiasi kwenye turbo, ncha inabaki nyekundu na kuwasha petroli kabla ya wakati wake. Hapo pistoni hutoboka, na bili yake huilipi kwa M-Pesa ya siku moja.

Sasa niambie, kazi ambayo tofauti yake ni sehemu ya milimita na namba moja kwenye boksi, wewe unamwachia mtu huku umekaa pembeni unakula viazi karai na kuchezea simu?

Nishaona kwa macho yangu gereji za huku bara plagi za iridium zikisuguliwa kwa msasa, zikaoshwa na petroli, zikarudishwa, na mteja akaambiwa "sasa iko sawa." Ncha ya plagi ya iridium ni nyembamba makusudi, nyingine milimita 0.6, nyingine 0.4. Ukiipitisha msasa umeimaliza. Nishaona pia mtu akipewa boksi mpya za kubeba nyumbani huku ndani ya injini zimebaki plagi zilezile za zamani. Mteja angejuaje, na hata hajui ziko ngapi?

Na kazi yenyewe, wallahi, si sayansi ya roketi. Kwa Golf TSI plagi ziko juu, nne, zimejipanga. Fuata hivi:

1. Injini iwe baridi kabisa. Ilaze usiku kucha. Kichwa cha injini ni alumini, na ikiwa moto uzi wake unaharibika rahisi.
2. Bonyeza kile kishikio utoe waya ya koili. Usivute waya yenyewe. Kisha fungua bolti, uitoe koili.
3. Puliza lile tundu kabla hujafungua plagi. Vumbi na mchanga wa Kisauni ukiingia kwenye silinda hautoki kwa maneno mazuri.
4. Soketi ndefu ya plagi, mara nyingi ni ya 16, nyingine ni 14. Fanya silinda moja, maliza, ndiyo uende nyingine.
5. Pima gepu ya plagi mpya kwa kipimo chembamba. Ikiwa si ile ya kitabu cha gari, rudisha dukani. Usiipinde ncha ya iridium kwa koleo.
6. Ingiza plagi kwa vidole, bila racheti. Ikigoma mizunguko ya mwanzo, toa uanze tena. Ukilazimisha hapo unaua uzi.
7. Ikishagota, kaza kwa spana ya torki. Plagi ya uzi wa milimita 14 yenye washa hukazwa newton-mita 25 mpaka 30, ya milimita 12 ni 15 mpaka 20. Boksi lenyewe huwa limeandika. Usipake grisi kwenye uzi, NGK wenyewe wanakataza.

Basi. Ni asubuhi moja ya Jumapili na kikombe cha chai.

Subaru ni habari nyingine, sitawadanganya. Silinda zake zimelala ubavuni, kushoto na kulia, kwa hivyo utatoa betri upande mmoja na boksi la kichujio cha hewa upande wa pili, na mikono itachubuka. Lakini hakuna uchawi pale. Ni nafasi finyu tu, na uvumilivu.

Sasa wale wa "unawaharibia mafundi riziki." Fundi mzuri haumizwi na mimi kubadilisha plagi. Ana giaboksi za kufungua, ana turbo zinazovuja oili, ana kazi ambazo mimi na wewe hatuziwezi, na hizo mlipe bila kumkata bei. Plagi ikikwama na haitaki kutoka, acha hapo hapo, mwite. Anayeumizwa ni yule anayeishi kwa ujinga wako, na riziki ya aina hiyo siwezi kuitetea.

Wale wa "vifaa ni ghali": ndiyo, spana ya torki si bei ya mahamri. Lakini nyinyi vijana wanne wa Mikindani mnaochanga pesa za shisha kila wikendi mtashindwa kuchanga spana moja ya kuzungushana? Na nyinyi wasichana mnaoambiwa gari ni mambo ya wanaume, plagi haiulizi nani ameshika soketi. Nyinyi ndio mnaotozwa zaidi gereji. Anzeni nyinyi.

Spea pia jihadharini nazo, feki ni nyingi. Chukua plagi, jaribu kuivua ile washa kwa vidole. Kwa NGK halisi haitoki kirahisi, feki inachomoka kama pete. Maandishi kwenye kauri yakiwa hovyo, iache.

Lakini hasira yangu hasa iko hapa. Sisi wa Changamwe, wa Port Reitz, wa Likoni, tunaishi kwenye mlango wa magari ya nchi hii. Meli zinashusha magari ya Japani hapo Kilindini, usiku na mchana, na mengine yanaendelea mpaka Uganda. KEBS hairuhusu gari lililotumika zaidi ya miaka 8, kwa hivyo kila mwaka yanayoshuka ni ya kisasa zaidi. Na injini ya chini ya cc 1500 hutozwa ushuru nafuu kuliko kubwa, kwa hivyo watu wanatafuta injini ndogo yenye nguvu, na hiyo mara nyingi ni turbo. Turbo haitabaki gari ya mtoto wa tajiri. Itakuwa gari ya mwalimu, ya teksi, ya mama anayeuza Kongowea.

Gari zote hizo zinapita mbele yetu, na kijana wa hapa anajua kufanya nini nazo? Kuziosha. Kuzipaki. Kupiga picha karibu nazo. Kazi ya kuzielewa tunawaachia wengine, halafu tunalia kwamba ajira za bandari haziji kwetu. Ujuzi wa turbo hautaletwa na mwanasiasa kwenye kampeni. Unaanza na kitu kidogo kama plagi nne.

Kwa hivyo Jumapili hii, hata kama hununui mpya, toa plagi moja tu uiangalie. Ncha ikiwa rangi ya kahawia hafifu au kijivu, injini yako iko salama. Ikiwa nyeusi na masizi makavu, petroli inazidi. Ikiwa imelowa oili, kuna pahali oili inaingia, na huyo ni mgonjwa wa kupeleka kwa fundi wa kweli. Ikiwa nyeupe na imeota malengelenge, joto limepita kiasi, acha kuikanyaga mpaka ujue kwa nini. Piga picha, irudishe kwa mkono, ikaze taratibu kwa kipimo chake.

Ukishaiona hiyo, nenda gereji ukitaka. Ila safari hii mwonyeshe fundi picha kwanza, umuulize anaona nini, na usimame hapo hapo kando ya boneti mpaka amalize.